Ufupisho wa Barua Pepe na Haki ya Msomaji

Mwanafunzi msomaji, katika somo la Kiswahili umefundishwa kufupisha. Umepewa kifungu cha habari, ukaambiwa ukisome mara ya kwanza upate maana, ukisome mara ya pili upate hoja, kisha uandike hoja hizo kwa maneno machache yaliyo yako mwenyewe. Yamkini umedhani kwamba zoezi hilo ni la mtihani tu, na kwamba siku utakapoweka kalamu chini hutalihitaji tena. Nia ya insha hii ni kukuonyesha kinyume chake. Ufupisho umekuwa miongoni mwa mambo makubwa ya maisha ya leo, kwa sababu wako watu, na ziko mashine, wanaokufupishia dunia kila siku, wala hapana mwalimu anayeisahihisha kazi yao. Mwalimu huyo hapana budi uwe wewe.

Nitachukua aina moja tu ya ufupisho huo, nayo ni barua pepe ya muhtasari. Barua hii hutumwa kwa mtu asiye na wakati wa kukaa katika mitandao ya kijamii, ili asome kwa dakika chache yale ambayo wenziwe waliyasoma kwa saa nyingi. Tutaihakiki kama tunavyohakiki shairi au tamthilia. Tutatazama jinsi ilivyoundwa, tutauliza imechagua nini na imeacha nini, tutauliza ni nani aliyeitunga na kwa nia gani, kisha tutatoa hukumu yetu. Kipimo chetu kitakuwa kilekile cha darasani.

Kwanza na tuone haja iliyoizaa barua hii. Haja yenyewe ni uchache wa wakati. Siku ina saa 24 kwa tajiri na kwa maskini, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi. Wewe uliye katika shule ya bweni unaijua haja hii kuliko wengi. Muhula mzima huna simu, maana kanuni za shule zakukataza. Likizo ifikapo, wafungua simu ukakuta maneno ya miezi mitatu yakikungoja: mizaha iliyokwisha kupoa, ugomvi uliokwisha kupatanishwa, matangazo ya michezo iliyokwisha kuchezwa, na katikati ya hayo yote, habari mbili au tatu ambazo kweli ulipaswa kuzijua. Ukitaka kusoma yote, likizo itakwisha kabla hujamsaidia mama shambani wala kufungua kitabu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Wala si kosa lako kwamba huoni mwisho wa ukurasa. Ukurasa wa mitandao uliundwa usiwe na mwisho. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni njia ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapoufikia ukingo wake, hata asiwe na mahali pa kusimama. Miaka kadhaa baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anaujutia uvumbuzi wake. Linganisha jambo hilo na taarifa ya habari ya redioni. Watu wa nyumba waliketi saa ya taarifa ilipofika, wakasikiliza, msomaji wa habari akasema kwamba huo ndio mwisho wa taarifa, nao wakaenda zao kazini. Gazeti nalo lina ukurasa wa mwisho. Mtu anayelifunga gazeti anajua amemaliza. Mtandao umemnyima msomaji furaha hiyo ya kumaliza, na kwa sababu hiyo umemnyima pia nafasi ya kukaa akafikiri juu ya aliyoyasoma.

Barua pepe ni chombo kikongwe kuliko mitandao hiyo. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alituma ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Chombo hicho kina sifa tatu zinazostahili kutajwa. Ya kwanza, barua ina mwanzo na mwisho. Ya pili, barua hungoja: ukiifungua leo au Jumamosi, maneno yake ni yaleyale. Ya tatu, barua pepe haimilikiwi na kampuni moja. Aliyejiandikisha kwa kampuni hii anaweza kumwandikia aliyejiandikisha kwa ile, jambo ambalo mitandao mingi ya kijamii hairuhusu. Hapana ajabu, basi, kwamba watu waliochoshwa na ukurasa usio na mwisho waliikumbuka barua.

Miongoni mwa waliofanya hivyo walikuwa vijana wawili wa Romania waliohamia Vancouver, nchini Kanada. Waliunda programu iliyoitwa Summify. Kazi yake ilikuwa kupitia yale yaliyosambazwa na watu unaowafuata mitandaoni, kuchagua habari chache zilizotajwa na wengi wao, na kukuletea kwa barua pepe mara moja kwa siku. Januari 2012 kampuni ya Twitter iliwanunua. Mwezi Mei mwaka huohuo Twitter ikatangaza barua yake ya muhtasari ya kila wiki. Programu nyingine, Nuzzel, ilifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, ikipendwa hasa na waandishi wa habari, mpaka ilipofungwa Mei 2021. Leo mitandao mingi mikubwa hutuma barua za aina hii, na huenda wewe mwenyewe umezikuta katika kikasha chako bila kukumbuka kwamba uliziomba.

Haya, na tuchukue kalamu nyekundu.

Kanuni ya kwanza ya ufupisho ni kwamba anayefupisha sharti awe amekisoma kifungu chote akakielewa. Je, mashine imesoma? Mashine imepitia maneno yote, na kwa upesi ambao mwanadamu hawezi. Lakini katika barua hizi za mitandao kazi yake kubwa ni kuhesabu. Huhesabu ni wangapi waliolipenda neno fulani, wangapi walilisambaza, wangapi walilijibu, na ni watu gani ambao wewe hupenda kuwasoma. Hesabu hiyo ina faida yake, nami siidharau. Ikiwa walimu kumi unaowaheshimu wamesambaza makala moja, pana sababu nzuri ya kuitazama makala hiyo. Ubora wa Summify na Nuzzel ulikuwa papo hapo: ziliitegemea hukumu ya watu uliowachagua wewe mwenyewe. Hata hivyo, kuhesabu si kusoma. Mwanafunzi anayehesabu neno lililotajwa mara nyingi katika kifungu, akaliandika kuwa ndilo hoja, anaweza kubahatisha mara moja au mbili, lakini hatutasema kwamba amefahamu.

Kanuni ya pili ni kuchagua hoja kuu na kuacha vipambo. Hapa ndipo udhaifu wa hesabu unapoonekana wazi, maana wingi si uzito. Nitatoa mfano wa nchini kwetu. Katika mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walijadiliana juu ya Muswada wa Fedha wa mwaka huo, na mjadala mkubwa ulikuwa mitandaoni, hasa X, ambayo zamani iliitwa Twitter, na TikTok. Wako waliochukua taabu ya kuusoma muswada kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani ili wazee nao wafahamu. Wako pia waliotoa mizaha, picha na matusi. Miongoni mwa mapendekezo ya muswada ilikuwamo kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Tarehe 18 Juni kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kwamba pendekezo hilo, pamoja na mengine, limeondolewa. Mjadala haukuisha, kwa kuwa mengine yalibaki. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha muswada uliorekebishwa, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia saini.

Sasa fikiri juu ya mtu aliyeyafuata mambo hayo kwa barua moja ya kila wiki. Barua iliyokusanya maneno yaliyosambazwa sana kabla ya tarehe 18 ingemjia imejaa habari za mkate, ilhali kodi ya mkate imekwisha kuondolewa. Angesimama barazani akabishana kwa nguvu juu ya kifungu kisichokuwapo tena. Na yule aliyekaa usiku kucha akieleza vifungu vilivyobaki, lakini hakuwa na wafuasi wengi, huenda jina lake lisingeonekana katika barua hiyo hata mara moja. Je, tuseme barua ilisema uongo? La. Kila neno lililokuwamo lilikuwa limesemwa kweli na mtu fulani. Kasoro yake ni kwamba haikujua jambo lipi ni zito na jambo lipi limekwisha kupitwa. Mwenye kufupisha asiyejua uzito wa mambo anaweza kutupotosha kwa maneno ya kweli matupu.

Kanuni ya tatu ni kutoongeza lisilokuwamo katika kifungu. Barua ya Twitter ya mwaka 2012 iliivunja kanuni hii tangu siku ya kwanza, tena kwa kutangaza: pamoja na maneno ya watu unaowafuata, ilileta maneno yaliyowavutia watu hao, hata kama wewe hukumfuata aliyeyaandika. Msomaji aliomba muhtasari wa baraza lake, akaletewa na wageni ambao hakuwaalika. Wengine watasema kwamba hilo ni jema, maana hupanua mawazo. Yawezekana. Lakini ukiombwa ufupishe aya mbili za kwanza, ukaleta na habari za aya ya sita kwa kuwa zinapendeza, mwalimu hatakupa alama kwa ukarimu wako.

Liko kosa kubwa zaidi ya hilo, nalo limekuja pamoja na programu za akili unde, ambazo hazihesabu tu bali huandika ufupisho kwa maneno yao zenyewe. Desemba 2024 simu za kampuni ya Apple ziliwaonyesha baadhi ya wasomaji muhtasari wa habari za BBC uliosema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji mjini New York amejipiga risasi. Hakujipiga. BBC haikuwa imeandika jambo hilo. Mashine ilikuwa imefupisha vichwa vya habari, na katika kufupisha ikazua. BBC ililalamika, na Januari 2025 Apple ikausimamisha ufupisho huo wa habari. Ule ulikuwa muhtasari wa arifa za simu, si wa barua pepe, lakini funzo ni moja, kwa kuwa sasa programu za barua pepe nazo zina akili unde ya kufupisha. Tazama jinsi kosa hilo linavyofanana na kosa la darasani: mwanafunzi hakuelewa uhusiano wa sentensi mbili, akaziunganisha, akapata sentensi ya tatu isiyokuwa ya mtu yeyote. Tofauti ni kwamba daftari la mwanafunzi husomwa na mwalimu mmoja, na lile la mashine husomwa na umati wa watu chini ya jina la shirika la habari wanaloliamini.

Kanuni ya nne ni kwamba ufupisho ujitosheleze. Anayeusoma sharti apate maana bila kulazimika kurudi kwenye kifungu. Kwa kanuni hii, barua nyingi za mitandao hazistahili hata kuitwa ufupisho. Zisome vizuri utaona. Moja husema, “Una arifa mpya sita.” Nyingine husema, “Rafiki yako ametoa maoni yake,” wala haisemi ametoa maoni gani. Nyingine hukupa nusu ya sentensi, ikakatiza mahali penye utamu, na chini yake ikaweka kitufe cha kubonyeza. Msomaji aliyetaka kuokoa wakati anabonyeza, anajikuta katika ukurasa usio na mwisho, na dakika tano alizotenga zinakuwa saa nzima. Barua ya namna hiyo ni ndoano iliyovikwa chambo. Wazee walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tusiishie katika kulaumu, maana mhakiki mwema hutafuta sababu. Sababu haiko mbali. Mitandao mikubwa haimwuzii msomaji kitu. Humwuza msomaji mwenyewe, yaani macho yake na wakati wake, kwa wenye matangazo. Katika mwaka 2023 zaidi ya asilimia 95 ya mapato ya Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, yalitokana na matangazo ya biashara. Kampuni yenye mapato ya namna hiyo hupata faida ukirudi na ukikaa, na hupata hasara ukiridhika ukaenda zako. Mwombe mwenye duka la pombe akuandikie barua ya kukusaidia usifike dukani kwake! Huenda akakuandikia, na karatasi yake ikawa nzuri, lakini hutashangaa ukiona kwamba imenyunyizwa harufu ya pombe. Nia ya mwandishi huonekana katika kazi yake, hata kama mwandishi huyo ni mashine iliyoagizwa na kampuni.

Pengine sasa utaniuliza, “Ikiwa muhtasari una hatari zote hizi, kwa nini tusiuache kabisa?” Kwa sababu haja yake ni ya kweli, tena ni ya kale. Mwaka 51 kabla ya Kristo, msemaji mkubwa wa Roma aliyeitwa Cicero alitumwa kuwa liwali wa jimbo la Cilicia, ambalo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa akienda mbali na mji aliouzoea, naye aliogopa kupitwa na mambo. Alimwomba rafiki yake kijana, Caelius, amwandikie habari za mji. Caelius alikuwa na shughuli nyingi, basi akamwajiri mtu akusanye kila kitu: maamuzi ya baraza la wazee, amri za wakubwa, michezo, hata uvumi wa mitaani. Furushi likapelekwa. Cicero hakufurahi. Alimjibu rafiki yake kwa mzaha wenye ukali ndani yake, akimwuliza kama kweli alikuwa amemwomba orodha za wapiganaji wa michezo na habari za kesi zilizoahirishwa. Alichotaka ni hukumu ya mtu mwenye akili anayeona mbele, amwambie mambo yanaelekea wapi.

Msomaji, katika kisa hicho limo jambo lote ninalotaka kukuambia. Cicero alikuwa na ufupisho wa aina mbili mbele yake. Mmoja ulitoka kwa mwajiriwa asiyemjua, aliyekusanya kila kinachokusanyika. Wa pili alioutaka ungetoka kwa rafiki anayemjua, anayejua lipi lamhusu na lipi halimhusu, na asiye na faida katika kumchosha. Zaidi ya miaka elfu mbili imepita, farasi wamekuwa nyaya, na swali halikubadilika. Kufupisha ni kuhukumu. Anayekufupishia habari ndiye anayeamua utajua nini na utakuwa mjinga wa nini. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya muhtasari wowote ni hili: nani amechagua, na kwa faida ya nani?

Ukilishika swali hilo utaweza kuutumia muhtasari wa barua bila kutumiwa nao. Ziko barua ambazo mwenye kuchagua ni wewe. Huduma ya Google Alerts, kwa mfano, iliyoanza mwaka 2003, hukuletea kwa barua habari zinazotaja neno ulilolitaja wewe, nawe huchagua zije mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki. Ukiandika jina la kaunti yako, au jina la ugonjwa wa mahindi unaosumbua shamba la baba, utaletewa mambo ya kaunti na ya mahindi. Utaletewa na makapi pia, lakini utakuwa umejiletea mwenyewe, na waweza kulibadili neno. Ziko pia barua zinazoandikwa na mtu mmoja mwenye jina, mwandishi wa habari au mtaalamu, anayesoma kwa niaba ya wasomaji wake akawaambia lipi lina maana na kwa nini. Huyo ndiye anayemkaribia Caelius aliyetakiwa na Cicero. Anaweza kukosea, lakini unaweza kumjua, kumpima kwa makosa yake ya zamani, na kumwacha akizidi. Tena barua ya maandishi matupu hutumia data kidogo kuliko video, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayenunua data kwa shilingi kumi kumi.

Zile barua ambazo hukuziomba, ziondoe. Kwa kawaida chini ya kila barua ya namna hiyo pana kiungo cha kujiondoa, kimeandikwa kwa herufi ndogo. Herufi zenyewe ni ushahidi: kitufe cha kukuvuta ndani hupakwa rangi, na mlango wa kutokea hufichwa kama mwizi. Weka siku moja ya wiki ya kuzisoma zile ulizozibakiza. Ukikuta habari nzito, usiridhike na ufupisho, bali tafuta habari yenyewe, uangalie na tarehe yake. Yule mtu wa mkate angeliangalia tarehe, asingelitahayari barazani.

Wala usiliegemee gogo moja. Nuzzel ilifungwa. Kabla yake Google Reader, chombo kilichowakusanyia watu makala mapya ya tovuti walizozichagua, kilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na wengi waliokuwa wakikitegemea wakaachwa wakitafuta kwingine. Chombo cha kampuni hufa siku kampuni inapoamua kife. Mazoea ya kuchagua vizuri, uliyoyajenga wewe mwenyewe, hayafungwi na mtu.

Hapana budi pia niutaje mpaka wa dawa hii, maana si kila ugonjwa ni wake. Sehemu kubwa ya mazungumzo yetu katika Kenya hayako mahali ambapo barua ya muhtasari hufika. Yako katika makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo, kundi la kanisa au la msikiti, kundi la waliosoma pamoja, kundi la mchango wa hospitali. Maneno ya huko yamefungwa kwa ufunguo wa wanaozungumza, wala mtandao haukutumii muhtasari wake kwa barua pepe. Na hata kama ungetumwa, ungefaa nini? Shangazi anapoandika kwamba amefiwa, ujumbe wake hauna hoja kuu na vipambo. Hapo haitakiwi hesabu ya waliotoa pole. Inatakiwa pole yako wewe. Habari za dunia twaweza kufupishiwa, lakini za watu wetu sharti tuzisome zilivyo, au bora zaidi tukawasikie kwa masikio yetu wenyewe. Anayeokoa wakati katika mambo ya ulimwengu anauokoa kwa ajili ya watu kama hao, na ikiwa hawapi, sijui ameuokoa wa nini.

Imebaki hukumu. Katika karatasi ya mtihani wenu ufupisho hupewa alama 15. Barua ya muhtasari inayotumwa na mtandao wa kijamii wenyewe, nikiisahihisha kwa kanuni zilezile ninazowasahihishia wanafunzi, siwezi kuipa zaidi ya tano: imepunguza maneno, na hilo nalikubali, lakini imechagua kwa wingi badala ya uzito, imeongeza yasiyoombwa, na haikujitosheleza. Summify na Nuzzel ningezipa tisa, kwa kuwa zilimheshimu msomaji zikafuata hukumu ya watu aliowachagua. Barua ya mtu mwaminifu, mwenye jina na elimu, anayekuandikia akijua utakapomaliza utaiweka chini uende kazini, hiyo yaweza kufika kumi na tatu. Alama mbili nazizuia kwa kila barua, iwe ya nani, kwa sababu hata aliye mwema anakuchagulia kwa macho yake, si kwa yako.

Alama hizo mbili ni zako kuzitafuta. Utakapopewa tena kifungu cha kufupisha, usikiharakishe kama mtu anayelipa deni. Jiulize ni neno gani unaliacha, na ni nani atakayekosa kulijua kwa sababu umeliacha wewe. Ukizoea kujiuliza hivyo juu ya kazi yako, utajua namna ya kuwauliza na wale wanaokufupishia dunia.